Nani Achote Kwanza

Tangi lao linaonekana kutoka mlango wangu. Asubuhi nikifungua, kabla sijamaliza kusema asante Bwana kwa siku mpya, macho yameshafika huko: tangi jeusi, kubwa, limekaa juu ya vyuma kama mgeni wa heshima kwa harusi, na sola zake pembeni zinang'aa hata kabla jua halijatoka vizuri. Maombi ninayamaliza, lakini Mungu anajua nusu yake niliyaomba nikiangalia tangi.

Sisi tuko Obunga, upande wa chini. Wao wako ng'ambo ya mtaro. Si mbali. Mtu wa huko akipika omena na upepo ukiwa unakuja huku, naweza kukuambia kama alitia nyanya. Tunazikana, tunaoana, watoto wanasoma shule moja. Lakini kule kuna pampu na huku kuna kisima, na watu wakisimulia hii habari wanasimulia maji peke yake. Mimi nilikuwa hapo na wivu wangu wote, kwa hivyo wacha niisimulie na wivu ndani.

Kisima kiko kwa uwanja wa kanisa letu. Wanaume walichimba, sisi akina mama tukatoa udongo kwa karai, huyu anampa yule, mpaka nje, huku tunaimba. Nilikuwa na mimba ya kifunga mimba wangu na nilikataa kuambiwa nikae chini. Walipofika kwa maji, tukamsikia mwanamume aliyekuwa ndani anacheka huko chini peke yake. Tukaweka pete za saruji, tukaweka kifuniko cha chuma na kufuli, na akina mama wakasema ufunguo ukae kwangu kwa sababu mimi sihamihami. Tangu siku hiyo naitwa Mama Kisima. Hata pasta ananiita hivyo.

Kazi yangu ni mgongo wazi. Kwa asiyejua, ni ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani wakishatoa nyama ya kupeleka Ulaya. Sisi tunaichukua na karai, tunaosha, tunaanika juani, tunakaanga, na jioni Kondele yote inakula na ugali inalamba vidole. Samaki ya aina hiyo inataka maji mengi. Usipoosha vizuri, mteja anakula mara moja na hutamwona tena. Kwa hivyo mtu akiniambia habari ya kisima, ananiambia habari ya sufuria yangu na karo ya watoto wangu.

Sasa, mwenyekiti wa pampu. Huyo mwanamke tulisoma naye ngumbaru, jioni, dawati moja. Tuliingia siku moja, sisi wote watu wazima na watoto mgongoni, tukijifunza kuandika majina yetu. Mimi nilisoma mpaka nikaweza kusoma Biblia yangu mwenyewe bila kuomba mtoto anisaidie, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Yeye alisoma akapita hapo. Mwalimu alikuwa anampa kitabu asimame asomee darasa, na alisoma Kiingereza kama mtu anayeteremka kilima, hasimami. Mimi nikisimama, nilikuwa napanda hicho kilima na mzigo. Na alikuwa na miguu misafi. Sijui alikuwa anapitia wapi. Tulikuwa tunatoka Obunga hiyo hiyo, matope hayo hayo, na anafika darasani viatu vinang'aa.

Wageni walipokuja kutafuta mahali pa kuchimba pampu ya sola, nani aliongea nao? Yeye. Nani aliwatembeza? Yeye. Ndio maana mashine ilichimba kule. Siku ya kufungua waliweka hema, wakavaa vitenge vya rangi moja, na mwenyekiti akafungua bomba maji yakatoka kwa nguvu mpaka yakamrukia naibu wa chifu kwa suruali, watu wakacheka. Nilisimama upande wetu wa mtaro na beseni ya samaki kichwani. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Huvuki?" Nikamwambia samaki zitaharibika. Hazingeharibika. Zilikuwa zimekauka tayari.

Unajua kitu kilichoniuma zaidi? Saruji. Pale bombani waliweka sakafu nzuri ya saruji, na mfereji mdogo wa kupeleka maji yanayomwagika kwa shamba la sukuma wiki. Mwanamke anachota, anarudi nyumbani na miguu mikavu. Kwa kisima chetu unarudi na kilo mbili za matope kwa kila slipa.

Basi tulikaa hivyo, kila mtu na lake, mpaka kiangazi. Ndio kisima kikaanza kunifanyia mambo. Asubuhi maji yako, mazuri. Ikifika saa sita, kamba inashuka, inashuka, kibuyu kinagonga chini kinarudi na maji ya kikombe na mchanga.

"Mama Kisima, leo maji imeenda wapi?" mwenzangu wa jirani, anayekaanga mandazi, aliniuliza.

"Imeenda Milimani kwa matajiri kumwagilia maua."

"Ukicheka sawa. Mimi nitapika na nini?"

"Pika na hiyo mdomo yako, iko na mate ya kutosha."

Tulicheka, lakini alibeba mtungi wake akavuka mtaro. Na aliporudi, niliangalia miguu yake. Ilikuwa mikavu.

Baada ya huyo wakaanza kwenda wengine. Walikuwa wanapita nyuma ya kanisa ili nisiwaone, na mitungi ya manjano kichwani, kama mtungi unaweza kujificha. Mume wangu, ambaye ni fundi wa viatu na anaongea kidogo, aliniambia siku moja akiwa anashona, "Wewe umeolewa mara mbili. Mimi na hicho kisima. Na nafikiri mimi ndio nilichelewa." Nikamwambia kisima angalau hakiombi chai.

Siku moja na mimi nilivuka. Samaki zilikuwa zimefika, jua kali, na kisima kimekauka kabisa. Nilijifunga leso, nikapanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Mwenyekiti alikuwa hapo bombani.

"Karibu, Mama Kisima. Leo umekuja kuona ama kuchota?"

"Nimekuja kuchota kile mlichochota kwangu."

Wanawake wakasema eeeh. Yeye hakukasirika. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya, hakasiriki. Alinijazia mtungi, akaupangusa nje na mkono wake, akanisaidia kuupandisha kichwani. Akasema polepole ili wengine wasisikie, "Kama unafikiri ni pampu, twende tukaulize ofisi ya maji. Mimi pia nataka kujua." Nilirudi nyumbani na maji mazuri na hasira mbaya, kwa sababu hilo wazo lilipaswa kuwa langu.

Tulienda, na ofisi ya maji ikamtuma binti mdogo, gambuti miguuni, na mkebe wa kuzungushia utepe wa kupimia. Mwisho wa utepe kuna chuma, na chuma ikigusa maji, mkebe unalia kama simu. Alipima kisima chetu asubuhi, pampu ikiwa imezimwa. Akapiga simu ng'ambo akasema washeni. Tukakaa hapo na watu wa pande zote mbili, wengine wamebeba watoto, wengine wamekuja tu kwa sababu pameonekana watu. Akapima tena. Utepe ukateremka kupita pale ulipolilia mwanzo, ukaendelea kuteremka, kimya. Watu wote wakasogea karibu wakingoja ulie. Ulipolia, mama mmoja akashika kifua.

Binti akasema, "Mama zangu, hakuna maji ya huku na maji ya kule. Iko moja huko chini, kama uji kwa bakuli moja. Pampu inanyonya kwa nguvu, kisima kinabaki juu kinaangalia. Na hiyo pampu haikuchimbwa chini sana, kwa hivyo nayo mkiiendesha siku nzima bila kupumzisha, itakauka. Mkiendelea hivi mtakosa nyote."

Halafu yule wa mandazi akasema kwa nyuma, kwa Kijaluo, "Kumbe tumeolewa na bwana mmoja."

Watu walicheka mpaka binti akaomba atafsiriwe. Na kuanzia siku hiyo, wanawake wa huku na wa kule wakaanza kuitana nyieka. Kwa Kijaluo nyieka ni mke mwenzako. Mtu anapita na mtungi, mwingine anamwita kutoka ng'ambo ya mtaro, "Nyieka, umelala aje? Bwana alikuja kwako?" "Alikuja, lakini aliondoka mapema." Mimi sikuona kichekesho hapo. Lile neno lilinichoma. Kwa sababu nilikuwa nimeshajua, kabla binti hajaja na utepe wake, kwamba naumwa na ugonjwa wa mke mwenza.

Naibu wa chifu akaitisha mkutano wa pande zote mbili, ndani ya darasa la nasari karibu na daraja la mtaro, sisi wote tumekunja magoti kwa viti vya watoto. Mwenyekiti alisimama kwanza. Aliongea vizuri, kama kawaida yake. Alisema kisima kifungwe kabisa, kimwagiwe saruji. Bomba livutwe kutoka kwa tangi mpaka kanisani, tupate kioski chetu. Alisema mvua ikija, vyoo vya Obunga vinafurika, na kila mtu hapa ameshawahi kubeba mtoto hospitali anaharisha. Maji ya pampu yamepimwa. Ya kisima nani ameyapima?

Ilikuwa kweli. Nilimbeba wangu pia, mwaka wa mvua nyingi. Ningependa angalau angesema uongo kidogo, nipate pa kushika.

Nikasimama. "Sisi hatukatai maji safi ya kunywa. Lakini sola ikiharibika, ama mtu aibe waya, ama muamue mmekasirika na sisi, mimi nitaosha samaki na nini? Leo nikitaka maji naenda na miguu yangu kwa kisima tulichochimba na mikono yetu. Mnataka kesho nianze kuomba kwa mlango wa mtu? Hapana. Kisima hakifungwi. Mnimwagie hiyo saruji mimi kwanza."

"Hakuna mtu anakumwagia saruji, mama," naibu akasema. "Kaa."

"Nitakaa kisima kikikaa."

Watu wakaanza kuongea kwa pamoja. Upande wa ng'ambo walikuwa wengi kuliko sisi, na vijana wao wengine walikuwa wanasema tupige kura. Tungepiga kura, kisima kingekuwa kimekufa jioni hiyo. Ndio mama mzee mmoja wa ng'ambo akagonga meza na fimbo yake. Huyo ni mama mkwe wa mwenyekiti mwenyewe, mjane, ana ulimi mkali na masikio mazuri.

"Nawauliza," akasema. "Msichana mpya akiolewa, mzuri, amesoma, mikayi anafukuzwa nyumbani?"

Mikayi ni mke wa kwanza. Wazee kwa darasa wakaitika hapana, hafukuzwi.

"Na wakati wa kupanda ukifika, nani anaanza?"

"Mikayi."

"Huyo mdogo akianza kabla yake?"

"Anaharibu boma."

"Basi hicho kisima kilichimbwa mbele ya pampu. Kisima ndio mikayi. Kichotwe kwanza, halafu nyinyi na chuma yenu mwashe. Mnataka nini kingine? Nina njaa, mimi."

Mwenyekiti aliangalia mama mkwe wake, akainamisha kichwa. Sisemi uongo, moyo wangu uliruka kama mbuzi.

Ndivyo tulivyokubaliana. Maji ya kunywa na kupikia ni ya bomba, kwa pande zote mbili. Kisima ni cha kuosha na kufua. Asubuhi watu wa kisima wanachota kwanza, wakimaliza pampu inawashwa, na jua likianza kulala pampu inazimwa maji yapumzike usiku. Binti wa ofisi ya maji alisema hata yeye asingepanga vizuri zaidi, kwa sababu sola haina nguvu asubuhi mapema na maji ya kisima asubuhi yamejaa. Naibu alitaka tuandike saa. Tukakataa. Mikayi hapandi kwa saa ya mtu, anapanda akishajitayarisha. Tukasema kutakuwa na alama. Pale kanisani kuna mlingoti tunaotundika rimu ya gari, ndiyo kengele yetu ya ibada. Mimi nikishamaliza kuchotesha watu, nitaanika ndoo nyekundu juu ya huo mlingoti, mdomo chini. Kutoka kwa tangi inaonekana. Wakiiona, wanawasha.

Nikuambie ukweli, ilikuwa tamu. Kila asubuhi huyo mwanamke, na Kiingereza chake chote, anasimama chini ya tangi lake, mikono kiunoni, anaangalia mlingoti wangu. Sikuchelewesha mtu. Nilichota kama siku zote, nikaangalia kila mtungi umejaa, nikapangusa ukingo, nikaanika. Nilifanya kwa haki. Lakini nilifanya nikiwa nimenyoosha mgongo.

Haikukaa sana hiyo utamu. Habari ilienda, wageni wakaanza kuja kuona jinsi mitaa miwili inagawana maji ya chini ya ardhi bila kupigana. Walikuja na kamera. Walipiga picha tangi, walipiga picha sola, walipiga picha mwenyekiti akieleza. Walinionyesha moja kwa simu. Nilikuwa ndani. Mkono wangu, na nusu ya leso. Huo usiku niliomba, nikamwambia Mungu ambariki mwenyekiti, na nikataja kwa urefu mahali angembariki awe anaishi, mbali.

Halafu mama yangu mdogo akafa huko nyumbani, Nyakach. Huyo ndiye alinilea, ilikuwa lazima niende na nikae mpaka mambo yote yaishe. Kabla ya kutoka nilimpa ufunguo yule wa mandazi. Nilimwambia wazi, akiwa anakanda unga, "Fungua asubuhi, wachote, ukimaliza anika ndoo." Akasema sawa. Nikamuuliza umesikia? Akasema, "Mama Kisima, kwani mimi ni kiziwi? Nenda umlilie mama."

Kule mazishini simu yangu iliisha chaji na hakukuwa na mahali pa kuchaji, na mtu aliyefiwa hatafuti chaji. Niliimba, nilipika, nilizika. Niliporudi ilikuwa adhuhuri. Nilishuka Kondele nikatembea na begi langu, na nilipokaribia kanisa nikaona watu. Foleni ilitoka kwa kisima, ikazunguka kanisa, ikafika barabarani. Nusu yao ni watu wa ng'ambo. Nilifikiri kuna mtu ameanguka ndani.

Aliyekuwa kwa ukingo wa kisima ni mwenyekiti. Hana viatu. Sketi ameikunja ameifunga kiunoni, matope mpaka magoti, na anavuta kamba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Anamimina nusu mtungi, anasema, "Wa huku." Anavuta tena, anasema, "Wa kule." Hampi mtu zaidi ya mwingine. Mikono yake ilikuwa imechubuka, amefunga kitambaa kwa moja.

Na mwanamke wa upande wetu, tunayekaa naye kiti kimoja kanisani, akamwambia, "Mama Kisima, niongezee kidogo, niko na mgonjwa."

Alimwita huyo. Sio mimi. Mimi nilikuwa nyuma yake na begi.

Niliweka begi chini. "Pampu imeharibika?"

Mwenyekiti aligeuka. "Umerudi. Pole na msiba, dada."

"Pampu imeharibika?"

"Iko sawa kabisa."

"Na mbona tangi liko tupu?"

"Ndoo haijaanikwa."

Nikamtafuta yule wa mandazi kwa macho. Alikuwa hapo, amejishika mdomo. "Nilifungua," akasema. "Walichota vizuri. Lakini kuanika... Mama, mimi si mikayi. Mikayi akiwa hai na hayuko, nani anaweka jembe chini mbele yake? Kwetu mtu akifanya hivyo anaita mkosi. Nina watoto."

"Ndoo ni plastiki," nikasema.

"Najua ni plastiki."

"Na nyinyi?" nikamuuliza mwenyekiti. "Wewe na masomo yako. Ulishindwa kuwasha?"

"Mama mkwe alitoa kiti akakaa mlangoni mwa chumba cha swichi. Akasema atakayewasha kabla ya mikayi atapitia juu ya maiti yake, na anajua nani atalaumiwa kwa hiyo maiti."

Watu wakacheka kidogo, cheko ya watu wenye kiu.

"Ungetaka, ungemtoa."

"Ningetaka, ningemtoa," akasema. Alikuwa bado anavuta kamba, hakusimama. "Halafu ungerudi useme nini? Kwamba watu wa pampu ndio walivunja neno. Nilitaka urudi ukute tumelishika." Akamimina. "Wa huku."

Jamani. Mimi ni mtu wa kanisa. Kusimama na neno, hiyo ndiyo kitu changu. Kiingereza nilimwachia, sakafu ya saruji nilimwachia, miguu mikavu nilimwachia. Niliona hiyo moja imebaki yangu. Na sasa nimempata amesimama ndani ya matope kwa kisima changu, ameshika neno langu kwa mikono iliyochubuka, na hata hajui kwamba amenichukulia. Nilimwonea wivu kuliko siku ile ya hema. Siku ya hema alikuwa na pampu tu.

Naibu wa chifu alikuwa njiani, mtu alikuwa amemwita, na vijana wa ng'ambo walikuwa wameshika kiuno. Mmoja akasema kwa sauti, "Mmeona hii tope? Mtu mmoja akienda matanga, mitaa miwili inakufa kiu. Kifungwe leo. Saruji iko." Na wa upande wetu, hao nilioimba nao na karai, waliangalia chini. Hakuna aliyesema hapana. Nikajua nikiongea habari ya haki ya mikayi dakika hiyo, kisima hakitaona jioni.

Nilichukua ndoo nyekundu pale kwa dirisha la kanisa. Watu wakanipisha, wakifikiri naenda kuianika. Nikampa mwenyekiti.

"Anika wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndio umechota leo."

"Mikayi amefika," akasema. "Sitaki maneno."

"Mama mkwe wako alisema kisima ndio mikayi. Hakusema mimi. Mlisikia wote." Nikageukia watu wa foleni. "Mimi niliolewa na fundi viatu, basi. Kisima kikishachotwa, mikayi ameanza. Mkono wowote uliochota unaweza kuanika, wa huku ama wa kule."

Yule wa mandazi akasema, "Na mkosi?"

"Mkosi ni hii foleni."

Naibu alipofika alikuta wazee wanabishana kama hiyo ni sawa, na mama mzee mwenyewe ameletwa kutoka kwa kiti chake kule mlangoni. Alisikiliza, akaniangalia sana, akasema ni sawa, ndivyo alivyomaanisha. Sidhani ndivyo alivyomaanisha. Lakini alisema, na naibu akakubali, na vijana wakashusha mikono. Tukapanga zamu ya ndoo kwa wanawake wa pande zote mbili. Kisima hakifungwi.

Mwenyekiti alipanda juu ya kiti cha mtoto kilicholetwa kutoka nasari, na miguu yake ya matope, akaanika. Pampu ikanguruma kule ng'ambo. Wanawake wakampigia makofi, wanawake wangu, na mmoja akapiga kigelegele. Mimi nikaenda kufungua mlango wangu, kwa sababu samaki hazingojei mtu akikasirika.

Hiyo imepita. Kisima kiko, na kiangazi kilichofuata kamba haikugonga chini. Siku ya zamu yake mwenyekiti anavuka mtaro mapema, na gambuti, tunasalimiana vizuri, nyieka huyu na nyieka yule, ananiuliza watoto, namuuliza mama mkwe. Nimefunga, nimeomba, nimemwambia pasta aniwekee mikono, na huu wivu bado uko. Asubuhi ya zamu yake sina kazi kanisani, lakini naenda. Nasimama kando na karai yangu, naangalia kama anajaza kila mtungi, kama anapangusa ukingo, kama ndoo ameianika sawasawa mdomo chini. Huwa ameianika sawasawa.